Mguu wa Bawabu

Jumamosi ile Penseli aliamka na furaha ya mtu ambaye mambo yake yameanza kunyooka. Alimpigia baba yake pasi shati jeupe, akamtafutia soksi mbili zinazofanana, kisha akakaa kumsubiri shangazi yake amalize kufunga kilemba mbele ya kioo, kazi ambayo tangu Penseli apate akili haikuwahi kuwa fupi. Jina la Penseli alipewa kazini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila penseli sikioni, hata siku ya arusi ya mhasibu wao. Nalo jina likamfuata mpaka nyumbani, likakaa.

Studio alikofanyia kazi ilikuwa imewaalika ndugu wa wafanyakazi waje kuiona gemu mpya ya kompyuta kabla haijatoka. Penseli alikuwa na sababu mbili za kutaka baba awepo. Ya kwanza, mashine zote za adui katika gemu ile zilitoka mkononi mwake. Ya pili ilikuwa na urefu wa futi sita, ilicheka kwa aibu, na wajomba zake walikuwa wanatarajiwa kuja kuposa wiki inayofuata.

"Kwa hiyo tunakwenda kutazama midoli," shangazi alisema huku kibanio kikiwa mdomoni.

"Si midoli, shangazi. Ni maadui."

"Maadui wa nani?"

"Wa binti mmoja wa kwenye gemu. Anapeleka barua mji wa pili, na mashine zinamzuia njiani."

"Na wewe unalipwa kwa kumtafutia mtoto wa watu maadui?"

"Mshahara kamili."

Shangazi alimgeukia kaka yake. "Unamsikia mwanao?"

"Mwache," baba alisema. "Kila mechi lazima iwe na wapinzani. Bila wapinzani, wale ni watu wanaokimbia tu uwanjani."

Baba alikuwa refa. Alichezesha mpira maisha yake yote, na watu wa rika lake walikuwa bado wakikutana naye njiani wanamlaumu kwa penalti za zamani. Kisha kiharusi kikampiga, na baadaye kikarudi. Aliamka nacho kitandani, akabaki na upande wa kushoto uliojiamulia mambo yake. Sasa alitembea kwa kutupa nyonga mbele, akasubiri mguu ufikirie, kisha akauburuta. Mkono wa kushoto ulikaa umekunjwa kifuani, vidole vimejikusanya kama vya mtu aliyeshika filimbi. Fimbo aliikataa. Ukijaribu kumshika kiwiko alikuwa anakutazama tu, nawe unaachia.

Kijana wa Penseli, baba alimpokea kwa shida. Mara ya kwanza alipokuja nyumbani alichelewa, na baba akamwonyesha kadi ya njano, kadi ya kweli, kutoka mfuko wa shati. Shangazi naye akauliza mwanamume mzima atalishaje mke kwa kuchezesha katuni. Lakini kijana hakukata tamaa. Alianza kumpeleka mzee hospitali kwa mazoezi ya viungo, akawa anamngoja kwenye benchi mpaka amalize, akamrudisha. Taratibu kadi zikaacha kutoka mfukoni. Juzi tu baba alikuwa amesema, bila kuulizwa, "Yule kijana ana subira." Kwa refa, hilo lilikuwa bao.

Ofisini kijana huyo aliitwa Mwendo, kwa sababu ya kazi yake. Penseli alichora mashine, Mwendo akazipa mwendo. Bosi alikuwa amewaambia anataka kesho ya zamani, yaani kesho kama walivyoiota watu wa enzi za redio za mbao, walipodhani mambo yote ya baadaye yatakuwa na vifundo vya kuzungusha na taa za kijani. Penseli hakwenda mbali. Alikwenda stoo ya nyumbani kwao. Akatoka na mashine iitwayo Pasi, tambarare, yenye pua kali, inayoteleza barabarani ikifuka moshi. Akatoka na Feni, inayoruka kwa mapanga matatu, uso umefunikwa wavu. Akatoka na Cherehani, inayokuja mbio ikidunga ardhi kwa sindano. Kila moja ilikuwa na antena kichwani, maana hakuna iliyojiendesha. Zote ziliongozwa na bwana mmoja aliyejifungia mnarani na rimoti kubwa kama kabati, yenye wenzo kwa kila mashine. Binti wa barua akikata antena, mashine inakufa palepale.

Na mapenzi yao yalianzia hapo. Mwendo alikuwa anakuja mezani kwake, anainamia mchoro, anauliza.

"Huyu Cherehani, akikasirika anaanza na mguu gani?"

"Mashine haikasiriki. Anayekasirika ni yule wa mnarani."

"Basi hasira yake inachelewa kidogo kufika. Inapita hewani kwanza."

"Ndiyo. Inachelewa kidogo."

"Kama mimi nikikutazama," alisema siku moja, masikio yakamwiva, akaondoka kabla hajajibiwa. Penseli alibaki na penseli hewani. Hakuwahi kukutana na mwanamume anayeuliza maswali mengi hivyo, na mahali fulani katikati ya maswali ya mashine yakawa yamechanganyika maswali yake yeye: anapenda nini, anaogopa nini, baba yake yukoje.

Mashine aliyoipenda kuliko zote ni Bawabu, mlinzi wa mlango wa daraja. Tumbo lake lilikuwa redio nzima ya mbao yenye kitambaa cha spika, na uso ni kile kioo cha kutafutia stesheni, mshale ukienda kulia na kushoto anapotazama. Penseli alimchora amesimama wima kwa miguu miwili imara. Mwendo alimkatalia kumwona kabla ya wakati. "Huyu utamwona siku ya watu," alisema. "Nimemfanyia kitu."

Sasa siku ya watu ilikuwa imefika.

Meza zilikuwa zimesogezwa ukutani, mapazia yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa hadi mlangoni. Mwendo alikuja kuwapokea, macho mekundu kwa kukesha.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," baba alisema. "Leo umewahi."

"Nimelala hapahapa, mzee."

"Basi hujawahi. Hujaondoka tu."

Mwendo alicheka, akamweka mzee mstari wa mbele. Alipoinuka, alimtazama Penseli juu ya kichwa cha baba yake. Jicho moja tu, lakini lilikaa. Penseli akainama kujidai anapanga mkoba.

Taa zikazimwa. Pasi ikapita kwenye skrini ikifuka moshi, watu wakapiga makofi.

"Hiyo pasi ni ya mama yetu!" shangazi alisema kwa sauti.

"Ndiyo, shangazi."

"Na hiyo cherehani ni yangu! Mpaka kovu la rangi!" Alimgeukia mama aliyekaa nyuma yake, mtu asiyemjua kabisa. "Huyu aliyechora ni mtoto wa kaka yangu."

Penseli alijisikia mwepesi kama karatasi. Kisha lango la daraja likafunguka, na Bawabu akatoka.

Alitupa nyonga mbele. Akasubiri. Akauburuta mguu wa kushoto, na bati likalia kwenye mawe, krrrraa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, vidole vya chuma vimejikusanya. Alitupa tena nyonga, akasubiri, akaburuta.

Ukumbi ukacheka. Bawabu alikuwa mkubwa kiasi kile, anatisha kiasi kile, halafu anatembea vile! Mhasibu, ambaye hakuwahi kuacha mzaha umpite, akainuka kwenye kiti chake, akakunja mkono kifuani na kuburuta mguu hatua mbili, walio karibu naye wakashika mbavu. Binti wa barua akarusha jiwe moja. Bawabu akaanguka chali kama debe, redio ya tumboni ikipiga mluzi, mguu ule mmoja ukitapatapa hewani. Kicheko kikapasuka.

Kabla hajaelewa, midomo ya Penseli ilikuwa tayari imeanza kutabasamu. Hilo ndilo lililomuuma muda mrefu kuliko mengine yote ya siku ile.

Baba hakucheka. Aliitazama skrini kama alivyokuwa akiwatazama wachezaji wanaojiangusha. Halafu akasema polepole, "Mwanangu. Yule ni mimi?"

Penseli aliinuka, akasimama mbele yake.

"Nipishe."

"Baba, subiri nikushike..."

"Nimesema nipishe."

Mlango ulikuwa upande wa pili, na njia ya kuufikia ilipita mbele ya skrini. Mzee aliinuka, akajinyoosha shati, akaanza kwenda. Ukutani, Bawabu naye alikuwa ameinuka tena kwa raundi ya pili. Wakatembea pamoja, mmoja mwanga na mmoja mtu: nyonga ileile, kusubiri kulekule, kuburuta kulekule. Kicheko kikafa kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma. Mhasibu alikaa, mkono wake bado umekunjwa kifuani, hajui aupeleke wapi.

"Mbona mmenyamaza?" shangazi alifoka akisimama, kilemba kimepinda. "Si mcheke? Huyu hapa! Tena huyu ndiye wa asili!"

Akamfuata kaka yake nje.

Penseli aliwapata chini, akawaitia teksi. Baba aliingia bila msaada, akafunga mlango wa gari mwenyewe. Alipoulizwa kama yuko sawa alisema, "Rudi umalize kazi yako," akatazama mbele. Teksi ikaondoka na kilemba cha shangazi kikitikisika kwa hasira kwenye kioo cha nyuma.

Alipogeuka, Mwendo alikuwa anashuka ngazi mbiombio.

"Penseli, nisikilize."

"Ulimtoa wapi?"

"Nisikilize kwanza..."

"Ule mwendo ulitoka wapi? Swali dogo tu."

"Ile video ya hospitali."

Penseli aliikumbuka. Mtaalamu wa mazoezi aliomba mzee arekodiwe akitembea kwenye korido, ili waone kama anaendelea vizuri. Mwendo alijitolea simu yake. Na yeye Penseli, siku ile, alikuwa amemshukuru mpaka machozi yakamlenga.

"Video ya daktari," alisema. "Baba yangu alivua viatu, akakunja suruali, akatembea mbele yako kwa sababu alidhani unamsaidia apone. Kumbe ulikuwa unamchukua vipimo."

"Si hivyo. Naapa si hivyo. Sikumdhihaki hata kidogo."

"Watu wamecheka mpaka wamelia!"

"Mimi sikutengeneza kicheko. Sikiliza. Mashine zote ulizochora zinamtii yule wa mnarani. Akivuta wenzo, zinakwenda. Nikamtazama mzee kwenye korido. Mguu unaambiwa nenda, haukubali, naye anausubiri, halafu anaupeleka hivyohivyo. Nikasema, hii ndiyo mashine moja ambayo rimoti haiwezi kuitawala kabisa. Niliona uzuri, Penseli. Nilitaka uone nilichokiona."

Alisema kwa moyo, na Penseli alijua anasema kweli, na ndiyo maana hasira yake ilizidi. Mwongo angemrahisishia kazi.

"Uzuri huo ulimweleza nani?"

"Nilitaka iwe..."

"Ulimweleza baba?"

"Hapana."

"Uliniambia mimi?"

"Hapana."

"Na lile bati linalolia? Na kuanguka chali kwa jiwe moja, mguu juu kama mende? Huo nao ni uzuri?"

"Bosi aliongeza. Alisema kipande kile ni kizito, watu wanahitaji kucheka kidogo."

"Na wewe ukasema nini?"

Mwendo alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza. Bosi aliposema baba yangu aanguke watu wacheke, wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi usiniambie hukutengeneza kicheko. Ulikikaribisha, ukakipa kiti. Wiki ijayo wajomba zako wanakuja kuniomba. Watavaa makoti, watapiga hodi, watakaa pale walipoambiwa wakae. Mimi ninaombwa kwa adabu zote. Mguu wa baba yangu wewe umejichukulia tu, kama kiti cha barazani!"

Mwendo alinyoosha mkono. Penseli akarudi nyuma hatua moja, na mkono ule ukabaki hewani, mtupu. Walitazamana. Angetaka sana asiyapende macho yale, angalau kwa dakika zile.

Mlango wa juu ukafunguka, bosi akachungulia na kuteremka ngazi mbili tatu. Alikuwa mtu mchangamfu asiyeona mvua mpaka imloweshe.

"Mpo hapa! Jamani, mzee yuko salama? Mniombee radhi. Ila wageni wamempenda Bawabu kuliko mashine zote, sijapata kuona. Nimeshasema, ule mwendo haubadilishwi. Mwendo, umetisha!"

Penseli hakumjibu bosi. Alimtazama Mwendo, akasubiri. Palikuwa na nafasi ya neno moja tu pale kwenye ngazi, na nafasi ile ilikuwa ya Mwendo peke yake.

"Tuta... tutaliongelea Jumatatu, bosi," Mwendo alisema.

"Jumatatu," Penseli alirudia. Aliitoa penseli sikioni, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine, akaitia mkobani. "Haya. Mimi naenda nyumbani. Kwetu wanamjua yule mzee kwa jina lake."

Usiku ule nyumbani baba alikula, akashukuru, akalala. Shangazi ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo wote: alisema akiosha vyombo, akasema akifunga madirisha, na alipomaliza la Mwendo akaanza la mhasibu. Penseli alilala akiwa amekasirika, akaamka amekasirika, na alishangaa kuona kwamba hasira na hamu vinaweza kulala kitanda kimoja bila kusukumana. Simu yake ilikuwa haijaita hata mara moja. Hilo nalo lilimuudhi.

Jumapili alasiri hodi ikapigwa. Shangazi alikwenda, na sauti yake ikasikika hadi uani.

"Hodi yako leo haina karibu. Umekuja kuchukua mguu wa kulia?"

"Nimekuja kuonana na mzee, shangazi."

"Mimi si shangazi yako. Nilikuwa karibu kuwa."

"Mlete," baba aliita kutoka uani.

Mwendo aliingia na shati la jana, ndevu hazijanyolewa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukutani. Penseli alisimama mlango wa jikoni, mikono kifuani. Hakumkaribisha wala hakumtazama usoni, ila aliona kwamba amekonda ndani ya siku moja, na akajikemea kwa kuona.

"Shikamoo, mzee."

Baba aliiacha salamu ikae kidogo kabla ya kuipokea. "Marahaba. Tembea."

"Nini, mzee?"

"Tembea. Kutoka hapo ulipo mpaka kwenye kamba ya nguo, urudi. Kama yule wa kwenye sinema yako. Si unaujua vizuri? Umeusoma."

Shangazi alisogea apate kuona. Juu ya ukuta wa jirani kilitokea kichwa, kikatulia. Mwendo alisimama katikati ya ua. Alikunja mkono wa kushoto nusu, vidole vikaanza kujikusanya, halafu akauteremsha.

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini? Jana mwendo huo ulikuwa ukutani, mkubwa kama nyumba, na watu wote waliona."

"Siwezi kufanya hivyo mbele yako."

"Nakuuliza kwa nini."

"Kwa sababu ni... Kwa sababu ni dhihaka."

"Ahaa," baba alisema. "Basi neno lake unalijua. Nilidhani labda hamfundishwi."

Mwendo alipiga magoti palepale kwenye saruji. "Nisamehe, mzee. Nilikuona ukitembea nikastaajabu, na mshangao wangu nikaufanya ruhusa. Nimeshakosa. Ila leo asubuhi nilikwenda ofisini, nikaufuta. Ule mwendo wote haupo tena, wala ile video kwenye simu. Nikampigia bosi nikamwambia. Amekasirika sana, amesema kesho nisije na mdomo mrefu, na sijui kama bado nina kazi. Lakini hakuna atakayeuona tena."

Penseli aliishusha mikono kutoka kifuani. Mwendo alikuwa amekwenda. Alikuwa amesema. Penseli alikuwa karibu kupiga hatua, baba aliposhika ukingo wa kiti na kuinuka.

"Umefuta mwendo wangu?"

"Ndiyo, mzee. Wote."

"Nani alikutuma?"

Mwendo aliinua uso.

"Nauliza, nani alikutuma? Uliuchukua hukuniuliza. Umeufuta hukuniuliza. Mimi nina mdomo! Kilichokufa ni mguu!" Sauti ya refa ilikuwa imerudi, ile iliyokuwa ikisikika hadi jukwaa la mwisho. Kichwa cha jirani kikashuka haraka. "Jana usiku nimelala nikimfikiria yule Bawabu. Unadhani nilitoka kwa sababu anatembea kama mimi? Mimi natembea hivi! Sokoni, hospitali, msibani, natembea hivi na sijajificha. Nilitoka kwa sababu anaangushwa kwa jiwe moja. Jiwe moja! Na lile bati. Mguu wangu haulii bati."

"Haulii, kaka," shangazi alisema, kisha akaziba mdomo.

"Ungeniuliza ningekwambia. Ningesema, mwache atembee, ila ukitaka kumwangusha, utoke jasho. Mimi kiharusi kilinipiga mara mbili ndiyo nikakaa chini, na bado nikainuka. Hayo ungeyajua. Ulikuwa umekaa na mimi kwenye benchi miezi yote hiyo, unaogopa nini kuniuliza?"

"Niliogopa utakataa," Mwendo alisema.

"Ningekataa, ungekosa. Ndiyo maana ya kuomba."

Mwendo alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Naweza kuutengeneza upya, mzee. Lakini video sina tena. Itabidi... kama utakubali... itabidi nije kukutazama."

"Sijakubali. Nitafikiria." Baba alijikalisha polepole. "Mimi nimemaliza yangu. Ya mwenzako muulize mwenyewe."

Mwendo aliinuka, magoti yana vumbi. Penseli alitoka mlangoni, akaja mpaka karibu, karibu kuliko alivyokusudia.

"Penseli..."

"Kesho nitakwenda kwa bosi mimi mwenyewe," alisema. "Bawabu ni mchoro wangu. Nitamwambia kuanguka kule kutoke na bati litoke, na kama baba ataruhusu, mwendo urudi kwa heshima yake. Akikataa, mashine za gemu ijayo atafute wa kumchorea. Na wewe utakuwa umesimama pembeni yangu. Si nyuma yangu. Pembeni. Mdomo wazi, unaongea."

"Nitaongea."

"Jana nilikusubiri kwenye zile ngazi."

"Najua."

"Hujui. Ningekusamehe kila kitu pale, kwa neno moja."

Macho ya Mwendo yalijaa. Hakujaribu kumshika. Alisimama tu akiupokea ukali ule kama mtu anayepokea mzigo wake mwenyewe, na Penseli alilazimika kutazama kamba ya nguo.

"Wajomba zako waambie wasije wiki ijayo."

"Wasije kabisa?"

"Nimesema wiki ijayo."

"Basi waje lini?"

"Nitakapopoa. Na usiniulize nitapoa lini, maana swali lenyewe linanipandisha upya."

Mwendo aliinamisha kichwa. Alimuaga mzee, akamuaga shangazi, ambaye alimjibu kwa pua, akatoka. Nyayo zake zilisikika zikienda polepole hadi zikamezwa na kelele za barabarani.

Shangazi aliingia jikoni akinung'unika kwamba kijana hata chai hajanywa, kana kwamba aliyemnyima ni mtu mwingine. Penseli alivuta kigoda akakaa karibu na kiti cha baba. Alichukua ule mkono uliokunjwa, akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, kama mtaalamu alivyowafundisha.

"Umemkataa?" baba aliuliza.

"Sijamkataa. Nimemkasirikia."

"Hayo ni mambo mawili?"

"Ni mawili, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaufikiria uamuzi ule. "Marehemu mama yako naye alikuwa hivyohivyo. Nilimpa kaka yake kadi nyekundu kwenye fainali, tukiwa tumeshachumbiana. Alinikasirikia, we! Salamu hapokei. Zawadi anarudisha."

Penseli hakuwahi kuisikia habari ile. Aliacha kunyoosha vidole. "Kisha ikawaje?"

"Kisha akahamia kwangu," baba alisema, "akaendelea kunikasirikia akiwa karibu."